Ijumaa Iliyoandikwa Kwenye Bango

Mama Caro alikataa katakata, na hakuna aliyeweza kumlaumu. Amecheza mama mkwe kwenye filamu zisizohesabika, amecheza mchawi, amecheza mwendawazimu wa sokoni aliyejipaka majivu mwili mzima. Lakini tulipomwambia tunahitaji picha yake kwa ajili ya bango la msiba, alichukua mkoba wake na kusimama. "Uzo," akaniambia, "uso wangu ukipanda ukutani kabla ya wakati wake, nani atakuja kuushusha? Wewe?" Akaenda zake kula wali. Nilimcheka akiwa amenipa mgongo. Nasema ukweli, nilimcheka.

Filamu yenyewe ilikuwa ya mapenzi na kuchekesha, ya kutoka wakati wa Krismasi watu wakiwa wamerudi nyumbani na mifuko yao bado mizito. Kijana anampenda Ada, binti wa tajiri, binti hana habari naye, basi kijana anamdanganya kwamba mama yake amefariki ili apate kuonewa huruma. Binti anaamini. Anaamini mpaka anaamua kwenda kuzika, yeye na ukoo mzima, na vituko vyote vinaanzia hapo. Kijana alichezwa na Dubem, ambaye kila mwanamke wa mji wetu wa Asaba alikuwa akimjua kwa vishimo vya mashavuni. Binti alikuwa Ibiso, mtoto wa Port Harcourt, mwepesi wa ulimi na mzito wa kuamka. Mwongozaji na mwenye filamu alikuwa mtu mmoja, Madamu Ebele, mwenye sauti nzito, anayetafuna karanga bila kukoma akiwa na wasiwasi. Mimi nilikuwa mtu wa vifaa. Kila kinachoshikwa, kinacholiwa au kinachobandikwa mbele ya kamera hupitia mikononi mwangu. Kwa hiyo bango lile ni kazi yangu, na nalisema mapema ili mtu asije akadhani nimeficha.

Dubem ndiye aliyeleta picha. Alinikuta nimejiinamia baada ya Mama Caro kutususia, akatoa simu yake na kunionyesha mama yake mzazi amesimama mbele ya kanisa siku ya akina mama, kilemba cha dhahabu kichwani, mkufu wa marijani shingoni, anatabasamu kwa vishimo vilevile vya mwanawe. Picha nzuri kuliko zote nilizowahi kuziona. Akasema mama yake amekuwa akimsumbua miaka yote amwingize kwenye filamu, basi leo ameingia. Nikamuuliza kama amemwomba ruhusa. Akasema atamwambia. Hakumwambia, na mimi sikuuliza tena, kwa sababu kazi ilikuwa imenibana na picha nilikuwa nimeshaipata.

Nilitengeneza bango kama tunavyoyatengeneza kwetu. Fremu ya zambarau, njiwa wawili juu, na maneno makubwa: AMEITWA KWENYE UTUKUFU. Jina nilichukua kwenye mswada, Ezinne Virginia Okolie. Umri mswada haukuutaja, nikaandika sabini na moja, hivihivi tu, namba iliyonijia. Siku ya mazishi niliweka Ijumaa, maana Ijumaa ndiyo siku yetu ya kuzika, na kwa kuwa tarehe lazima iwepo nilitazama kalenda iliyokuwa ukutani na kuchukua Ijumaa ya wiki iliyokuwa inafuata. Mchapaji aliponikabidhi mabango thelathini alivua kofia, akasema, "Pole sana kwa msiba, dada." Nikamwitikia, "Asante, tumeshapoa." Nilikuwa njiani ndipo nikagundua nimepokea rambirambi za mtu aliye hai.

Tuliyabandika mtaa mzima, kwa sababu kichekesho kilikuwa kwamba Ibiso kila anapogeuka anakutana na uso wa marehemu: kwenye ukuta wa saluni, kwenye nguzo ya umeme, kwenye geti la shule. Ilichekesha kweli. Madamu Ebele aliacha karanga akacheka mpaka akashika ubavu. Kisha mvua ikatukuta, tukakimbilia magari. Nilirudi kesho yake kuyabandua. Gundi ya unga wa muhogo ilikuwa imeshakauka, nikakwangua kwa kisu mpaka kucha zikanivunjika, nikapata kumi na tisa. Kumi na moja nikayaacha. Nilijiambia jua na mvua vitamalizia.

Kulikuwa na kichekesho kimoja ndani ya filamu ambacho sote tulikipenda kuliko vyote. Kwetu kifo hakisemwi kwenye simu. Hata mtu awe ameshalazwa mochwari, utapigiwa na kuambiwa kwamba hajisikii vizuri sana, njoo nyumbani, na usiendeshe gari mwenyewe. Ukisikia hilo la usiendeshe mwenyewe unaanza kulia palepale. Katika filamu, Dubem anajipigia simu ya uongo na kuigiza sauti ya baba yake mdogo akimwambia maneno hayo, huku jicho moja likimtazama Ibiso kama ameanza kulegea. Wafanyakazi wote walikuwa wameyashika. Mtu akichelewa chakula anaambiwa, mchele hajisikii vizuri sana, njoo, na usiendeshe mwenyewe.

Jumatatu simu ya Dubem ilianza kulia tangu alfajiri. Mtu fulani alikuwa amepita mtaani kwetu, akaona uso anaoujua, akaupiga picha na kuutupa kwenye kundi la simu la kijiji chao, ng'ambo ya daraja la mtoni. Umbea hausomi majina. Kufika saa mbili asubuhi watu walikuwa wameshajaa uani kwa mama yake, wengine wamebeba viti vya plastiki, wanawake wa kanisa wamevaa sare zao, wanalia. Mama akatoka jikoni na beseni la majani machungu aliyokuwa akiyasugua, akawauliza nani amekufa. Mwanamke mmoja alianguka. Wengine walikimbia wakaacha viti.

Dubem alitusimulia akicheka, nasi tukacheka, lakini kicheko chake kilikuwa kimepungua kitu. Madamu Ebele alisema hiyo ni bahati, filamu imeanza kujitangaza yenyewe. Mimi nilikuwa nikifikiria mabango kumi na moja niliyoyaacha.

Jumanne mama alikuja mwenyewe. Tulikuwa tukirekodi kwenye nyumba ya kuazima, jumba la tajiri mmoja anayeishi ng'ambo, nikamwona amesimama getini na mkoba mweusi. Kilemba kilikuwa kilekile cha dhahabu. Mlinzi alikuwa amelifungua geti kisha akarudi nyuma hatua tatu, kwa sababu naye alikuwa amelipita bango lile kila siku akija kazini.

Hakuwa na hasira. Ningeshukuru kama angekuwa nayo. Alimkumbatia mwanawe, akakubali kiti, akakubali maji, kisha akafungua mkoba na kutoa bango lililokunjwa mara nne. Nyuma lilikuwa bado na gundi na vipande vya rangi ya ukuta. Akalilaza mapajani na kulinyoosha kwa viganja.

"Nani aliandika hapa?" akauliza.

Nikasema ni mimi, Mama, na kwamba ni mchezo tu, jina si lake, hakuna kitu chake pale isipokuwa picha.

"Jina si langu, kweli. Hilo ndilo lililonikosesha usingizi zaidi. Nikienda, nitaitwa nani huko? Virginia?" Akaweka kidole kwenye umri. "Na hii sabini na moja, mwanangu, nani alikuambia?"

"Hakuna, Mama. Niliitunga."

"Naitimiza kesho," akasema.

Dubem alipiga magoti mbele yake. Alimwomba radhi, na mimi nikapiga magoti kando yake, na nilistahili kufanya hivyo kuliko yeye. Mama akatuambia tuinuke, tunajichafua. Akatueleza kwamba jana alikwenda sokoni makusudi, ili watu wamwone anatembea. Muuza mboga aliyemzoea miaka ishirini aliacha meza yake akaondoka. Mama alisimama pale na kikapu mpaka akachoka. Kanisani padri alikuwa ameshamtaja kwenye sala ya marehemu, na hakuna aliyejua sala ya kumwondoa.

"Presha yangu mnaijua," akasema. "Mimi siogopi kufa. Lakini hiyo siku imeshaandikwa, imebandikwa njiani, watu wameisoma. Sasa inanitafuta. Nataka kitu kimoja tu. Ijumaa, tangu asubuhi mpaka jua lizame, Dubem akae nami chumbani. Ikinikuta na mwanangu kando yangu itaona haya, itapita. Jumamosi nitakwenda sokoni na nitamtukana yule mwanamke wa mboga."

Dubem aliapa. Mama akanigeukia. "Na wewe, binti yangu, uliyeiandika. Utamleta?"

"Nitamleta mwenyewe, Mama," nikasema.

Alilikunja bango akalirudisha mkobani. Sikuthubutu kumwomba aniachie.

Ratiba ilikuwa nzuri. Alhamisi tungemaliza, Ijumaa watu wangelala. Lakini Alhamisi mvua ilianza asubuhi na haikukata. Mvua ya Asaba ikipiga bati, huwezi hata kumsikia mtu anayekupigia kelele sikioni, sembuse kurekodi sauti. Tulikaa barazani tukila okpa za moto, mikate laini ya njugumawe, kutoka kwenye majani yake, tukitazama maji. Kila baada ya muda Dubem alikuwa akitazama saa. Ilipofika saa kumi Madamu Ebele alisimama na kutangaza kwamba tutamaliza kesho. Jumamosi mwenye nyumba anarudi, na Ibiso anatakiwa kwenye kazi nyingine Lagos. Dubem alimweleza habari ya mama yake mbele ya watu wote. Madamu ni mwanamke wa haki, nisimsingizie. Alimsikiliza mpaka mwisho. Akasema tutaanza alfajiri, kufika saa nne Dubem atakuwa barabarani, na mama atakuwa naye sehemu kubwa ya siku.

"Siku ni yake yote, Madamu," nikasema. "Tangu asubuhi."

"Uzo, wewe ni mtu wa vifaa," akanijibu. "Lete vifaa."

Nikaleta vifaa.

Ijumaa jenereta ilituchelewesha saa nzima. Kisha Ibiso akachelewa kupambwa. Kisha jirani akaanza kusaga mahindi. Saa nne ilipita, saa sita ikapita. Kwetu mtu haingii kwenye kurekodi na simu. Simu zote huwekwa kwenye kapu, na kapu hulishika mtu wa vifaa. Kwa hiyo nilikuwa nimesimama kwenye mlango wa sebule, kapu mkononi, simu zote zimenyamazishwa, nikiiona ya Dubem ikiwaka. Mama. Ikazima. Ikawaka. Mama. Mara ya kwanza nilimwonyesha Madamu Ebele kwa ishara, akanionyesha kidole kimoja: kipande kimoja tu. Mara ya pili nikaonyeshwa kidole hichohicho. Mara ya tatu na ya nne sikumwonyesha mtu. Kazi ilikuwa imeanza kunoga. Walikuwa kwenye meza ya baba wa binti, Dubem anakula mchuzi wa pilipili uliomshinda huku akijifanya mtu wa kwao, na alikuwa anachekesha kama sijawahi kumwona. Nilisimama pale nikiwa nimefurahi. Hilo silisahau.

Mara ya tano, Madamu Ebele alikuwa amesema "Kata" na watu wanapumua. Nikaipokea.

"Ni mimi, Mama. Uzo. Tunakuja sasa hivi."

"Usimsumbue," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nimevaa, nimekaa kitandani. Jua bado liko juu. Anafanya nini?"

"Anachekesha watu, Mama."

"Niache nimsikie. Inua simu tu, nisikie sauti yake. Inanitosha mpaka mfike."

Niliona ni jambo dogo na jema. Nikainua simu juu ya kichwa, kuelekea mezani. Dubem alikuwa akitania wapambaji, akiigiza sauti ya Madamu Ebele, na watu wakaangua kicheko. Nilipoirudisha sikioni nilimsikia mama naye anacheka, kicheko cha taratibu cha mtu aliyeegemea mto. "Huyo ni yeye," akasema. "Inua tena." Nikainua tena.

Madamu Ebele akasema kila mtu abaki alipo. Mwanga ni mzuri, uso wa Dubem una jasho la kweli, turudie pale anapomwambia binti. Jenereta ikazimwa. Feni zikasimama. Kikaja kile kimya chetu cha kazi, ambamo hata mwenye kikohozi hukimeza. "Anza," akasema.

Nilijua maneno yanayokuja. Nilikuwa nimeyasoma mara mia. Simu ya Dubem hutoa mlio ikikatwa hata ukiinyamazisha, jambo ambalo yeye mwenyewe hulilaani kila siku, na kipaza sauti kilikuwa hatua mbili kutoka kwangu. Nilikuwa na kidole gumba juu ya kitufe cha kukata. Niwe mkweli: nilifikiria kipande kitakavyoharibika, nikafikiria Madamu Ebele atakavyonitazama, na mkono wangu ukabaki juu.

Dubem aliweka kijiko chini. Kwenye mazoezi alikuwa akiyasema maneno haya kwa machozi ya mamba, na hapo ndipo palikuwa pa kucheka. Lakini siku ile alikuwa na hofu tangu alfajiri, na hofu ilipata mlango.

"Mama yangu hayupo tena, Ada," akasema, na sauti ikamvunjika kweli. "Amekwenda. Ijumaa tunamzika."

Hakuna aliyecheka. Ibiso alisahau maneno yake akamshika mkono tu. Madamu Ebele aliacha kamera iende, iende, kisha akasema "Kata" kwa kunong'ona, akifuta macho.

Nikashusha simu.

"Mama," nikasema. "Mama, ni filamu hiyo. Unanisikia? Ni yale ya kwenye filamu."

"Haya," akasema, kama mtu aliyeuliza swali muda mrefu na hatimaye amejibiwa. "Nimesikia." Halafu nikasikia kitanda kikilia, na simu ikiwekwa juu ya kitambaa. Haikukatwa. Nilimwita tena na tena. Kulikuwa na kuku uani kwake na sauti ya feni, basi. Baada ya muda nikaikata mimi, ikatoa ule mlio wake, na hakuna aliyejali, kwa sababu kazi ilikuwa imekwisha na watu walikuwa wakipigiana makofi.

Dubem alikuja mbio akifungua vifungo vya shati la filamu. Alikuwa amechangamka. "Saa tisa, dada Uzo. Daraja likiwa jeupe, saa kumi tuko kwake, jua bado kabisa. Gari liko wapi?" Akaanza kujipaka mafuta usoni kuondoa rangi, na simu ikawaka mkononi mwangu. Haikuwa Mama. Ilikuwa baba yake mdogo, Azuka.

Mikono yake ilikuwa na mafuta. Akaniambia niiweke kwa sauti.

"Dubem," Azuka akasema. "Mama yako hajisikii vizuri sana. Njoo nyumbani." Akatulia. "Na usiendeshe mwenyewe."

Dubem alianza kucheka. Nadhani alidhani ni mmoja wetu, maana tumeyarudia wiki tatu nzima kwenye foleni ya chakula. Alitazama huku na huku amtafute mtani. Watu wote sebuleni walikuwa wamesimama, na hakuna aliyekuwa ameshika simu, kwa sababu simu zote zilikuwa kwenye kapu langu. Kicheko kikamkauka.

Azuka alikata. Dubem alikaa chini sakafuni, rangi imebaki nusu ya uso. Madamu Ebele alipiga magoti kando yake. Kisha Dubem akaniangalia.

"Alipiga?"

"Alipiga."

"Ukaongea naye?"

"Niliongea naye."

"Alisema nini?"

Nilifungua kinywa, maneno yakafika ulimini. Nilimtazama, nikayameza.

"Alitaka kusikia sauti yako," nikasema. "Nikainua simu, akakusikia ukitania. Alicheka."

Dubem aliushika mkono wangu kwa mkono wake wenye mafuta, ule mkono uliokuwa juu, akaubusu.

"Asante, dada," akasema. "Angalau nilikuwa naye."

Nikaenda kutafuta dereva.